Kiatu cha Kushoto cha Faustina

Faustina Kalinga alikuja kibandani kwangu mara ya kwanza akiwa kidato cha pili, mkononi ameshika viatu vya marehemu baba yake. Vilikuwa viatu vyeusi vya kuvaa kanisani, namba arobaini na tatu, na vilikuwa vinambana. Hakuingia ndani kwa sababu bati langu liko chini. Alinipitishia viatu kwa juu, kama mtu anayempa jirani kitu kwenye ukuta.

"Kamwene, fundi," alinisalimia Kihehe. "Vinaweza kupanuliwa?"

"Kamwene. Vinaweza, ila kidogo tu."

"Hicho kidogo kinatosha."

Kibanda changu kiko Ipogolo, kando ya barabara kuu, pale mabasi ya Mbeya yanaposhusha watu wa Iringa kabla hawajapanda mlima kwenda mjini. Nimeshona viatu hapo miaka kumi na tisa. Vijana wa bodaboda wanaegesha mbele yangu, na siku hiyo mmoja wao, Justine, alimtazama Faustina kuanzia chini mpaka juu, akachukua muda mrefu makusudi.

"Dada, huko juu mtandao upo?"

"Upo," Faustina alisema, "ila meseji zako haziingii."

Wenzake walimcheka Justine mpaka akawasha pikipiki akaondoka. Faustina hakucheka. Alikuwa amesimama vilevile, mabega ameyavuta mbele na shingo ameiinamisha, kama wanavyosimama watu warefu waliochoka kutazamwa. Nilimpa kigoda akae. Nadhani ndiyo maana alirudi.

Kwao ni Kalenga. Mama yake, Severina, analima nyanya na vitunguu karibu na mto, na baada ya mumewe kufariki alibaki na binti huyo mmoja tu. Kanisani Faustina alikuwa akiimba kwaya akiwa mstari wa nyuma kabisa, nyuma ya wanaume wa sauti ya nne, ingawa yeye alikuwa sauti ya kwanza. Aliniambia kwamba padri alikuwa mtu wa kwanza kumwita Faustina bila kuongeza neno lingine. Shuleni alikuwa Twiga, njiani alikuwa Mnara.

Mwalimu Ezekia ndiye aliyempeleka kwenye mpira wa kikapu. Mwalimu huyo alikuwa na timu ya wasichana mjini, kwenye uwanja wa saruji uliopasuka pembeni, na ringi mbili zisizo na nyavu. Alimwona Faustina siku ya michezo ya shule akamwambia anyanyue mikono. Akaangalia vidole vyake vilipofika, akasema, "Kesho saa kumi, njoo na raba." Raba hakuwa nazo. Alinunua za mtumba sokoni, za kiume, namba arobaini na nne, soli imefunguka mbele kama mdomo. Ndipo akaja kwangu tena.

Kuanzia hapo alikuwa mteja wangu. Timu nzima ilianza kuniletea viatu kwa sababu yake, na uwanjani nilikuwa nikienda jioni za Jumatano, nikisimama ng'ambo ya barabara ambako hakuna mtu anayekuuliza umekuja kwa nani. Alikuwa mtu mwingine akiwa na mpira. Mabega yalirudi nyuma. Shingo ilinyooka. Niliona kwamba urefu ule wote, ambao siku nzima alikuwa akiuficha, pale uwanjani aliutumia mpaka inchi ya mwisho.

Fundi viatu anamjua mtu kwa chini. Soli inamweleza mtu anavyotembea, anakoegemea, na mguu gani anauonea huruma. Faustina alipokuwa kidato cha tano aliniletea raba zile zile kubandikwa upya, nikazigeuza nikaona kitu. Soli ya kulia ilikuwa imelika mpaka kitambaa kinaonekana. Ya kushoto bado ilikuwa na mistari yake kama jana imetoka dukani, isipokuwa ukingo wa ndani, ambao ulikuwa umesagika wote.

"Unaruka na mguu mmoja," nilimwambia.

"Naruka na yote."

"Unatua na mmoja, basi. Goti la kushoto lina nini?"

"Fundi, kazi yako viatu."

Nikashona. Mimi si mtu wa kumbana mtu na maswali. Lakini alikaa kwenye kigoda mpaka nikamaliza, na nilipompa raba hakuondoka. Aliniambia kwamba miezi mitatu nyuma alianguka vibaya kwenye saruji, goti likalia. Mwalimu Ezekia alimpumzisha wiki mbili, mama yake akamkanda kwa maji ya moto na chumvi, uvimbe ukapungua, akasema amepona. Hakuwa amepona. Kila akitua, goti lilikuwa linaangukia ndani, kama mlango uliolegea bawaba. Timu ya mkoa ilikuwa inachaguliwa mwezi ule.

"Ukimwambia mwalimu, simo," alisema. "Na mama usimwambie."

Sikumwambia mtu. Nilifanya ninachokijua. Nilichukua ngozi ya ng'ombe, nikabandika tabaka mbili, nikachonga kipande kinene upande wa ndani na chembamba upande wa nje, nikakiweka chini ya kitambaa cha ndani cha kiatu cha kushoto. Alikivaa, akasimama, akaruka pale barabarani mara tatu. Justine na wenzake walipiga makofi. Faustina alinitazama na macho yamemjaa maji.

"Fundi, haliendi ndani!"

Nilifurahi sana siku hiyo. Niseme kweli, sikuwa nimewahi kufurahi hivyo kwa kazi yangu. Ngozi ilipobonyea nilimchongea nyingine, na nyingine tena. Alichaguliwa timu ya mkoa. Akamaliza kidato cha sita, akaenda jeshini miezi yake, akarudi, akachezea timu ya mjini mwaka mzima. Wote walidhani goti ni habari ya zamani. Kosa langu sikuliona, kwa sababu ni kosa la watu wa kazi yangu: kiatu kikikaa sawa tunadhani na mguu uko sawa. Nilikuwa natibu kiatu.

Mwaka huu mwezi wa tano walicheza mashindano Mbeya, na huko alionwa na mwanamke anayeitwa Tumpe. Tumpe mwenyewe alikuwa mchezaji, alicheza nje miaka kadhaa, sasa yuko Mbeya na kazi yake ni kuwatafutia wasichana timu za ng'ambo. Mwezi wa tisa alipiga simu, akasema kuna timu Uturuki, ya daraja la pili, inatafuta mtu wa chini ya ringi. Mkataba wa mwaka mmoja, na kama wakiridhika unaongezwa. Mwezi huo huo, chuo kikuu kimoja cha Mbeya kilimchagua Faustina kusomea ualimu wa hesabu. Ujumbe uliingia kwenye simu na namba ya kuthibitisha. Asipothibitisha hadi Jumatatu, nafasi inapewa mwingine. Na Tumpe alitaka jibu wiki hiyo hiyo, baada ya mchezo wa Jumamosi kule Mbeya, ambao angeurekodi kwa simu na kuutuma.

Kila mtu alikuwa na neno lake. Mwalimu Ezekia alisema chuo hakikimbii. Mama Severina alisema ng'ambo ndiyo haikimbii, imekuwapo tangu yeye hajazaliwa, na mwalimu wa hesabu hakosi kazi. Justine alisema, "Dada nenda, ukifika huko nitumie hata picha ya theluji, niwaonyeshe hawa kwamba namjua mtu." Mimi sikuulizwa, na nilishukuru.

Alhamisi mchana Faustina alikuja na boksi jipya. Tumpe alikuwa amemtumia raba kwa basi, nyeupe zenye mstari wa buluu, mpya kabisa. Aliziweka mapajani mwangu kwa mikono miwili.

"Namba arobaini na nne," alisema. "Soma hapo kwenye ulimi, fundi. Za kike. Zimetengenezwa za kike."

"Nimeona."

"Dada Tumpe anasema kule unaingia dukani unazikuta zimepangwa. Na kwenye timu kuna watatu wanaonizidi urefu. Watatu! Mimi nitakuwa mtu wa kawaida tu. Nitapita njiani, hakuna atakayegeuka." Alilifunika boksi. "Chuoni nitakuwa Mnara tena miaka mitatu."

Ndiyo ilikuwa sababu yake. Kwa mwalimu alikuwa ametaja heshima ya mkoa, kwa mama yake alikuwa ametaja nyumba ya matofali. Mimi aliniambia hiyo.

"Niwekee kama zile," alisema. "Mchezo ni keshokutwa."

Nilikitoa kitambaa cha ndani cha kiatu cha kushoto. Kilitoka kirahisi, kilikuwa kimebandikwa kidogo tu. Ngozi nilikuwa nayo tayari, kipande nilichokichonga wiki iliyopita. Nilikishika mkononi, na mkono haukwenda.

"Vipi, hakikai?"

"Kitakaa." Nilikuwa natazama kiatu, si yeye. "Faustina, huko unakokwenda si utapimwa na daktari?"

"Watanipima. Kila mtu anapimwa."

"Watakuvua viatu."

Malori mawili yalipita, na la tatu.

"Daktari hapimi kiatu," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi sikuipenda. "Atakulaza kitandani, ashike goti hivi, alisukume. Atajua. Watakurudisha, na chuo kitakuwa kimempa mtu mwingine."

"Miaka miwili unaniwekea. Leo ndiyo unaona?"

"Leo ndiyo naona."

"Hutaki niende. Useme tu hutaki niende, utabaki na nani!"

Sikuweza kusema si kweli, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Tangu siku ya kwanza yule binti ndiye mtu pekee aliyekaa kwenye kigoda kile baada ya kiatu chake kumalizika. Yeye akaelewa alivyotaka. Alinyakua raba, akakirudisha kitambaa mwenyewe kwa kidole, akaondoka. Kipande cha ngozi kilibaki mkononi mwangu.

Ijumaa sikushona vizuri. Nilishona mkanda wa mkoba wa mtu nikaushonea upande usio wake, ikabidi nifumue. Nilikuwa nafikiria kwamba akicheza bila ngozi ataanguka, atavunjika mbele ya watu, na itakuwa ni mimi. Nikifikiria kumpelekea, naona nampeleka kwenye udanganyifu ule ule. Jumamosi alfajiri nilifunga kibanda, nikasimamisha basi la Mbeya. Nilikuwa na kile kipande mfukoni. Sikuwa nimeamua chochote.

Kiti cha pembeni alikaa mama mmoja wa Kisukuma, mchangamfu, anakwenda Rujewa kwa mwanawe mwenye mashine ya mpunga.

"Na wewe baba, unakwenda wapi?"

"Mbeya."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Napeleka kiatu."

Alitazama mikono yangu, akatazama chini ya kiti. "Kiko wapi?"

"Ni kipande tu."

"Umesafiri na kipande cha kiatu!" Alicheka kwa sauti, basi zima likageuka, kisha akanipa hindi la kuchemsha kama kuniomba radhi. Aliposhuka Igawa, njia panda ya Rujewa, nilitamani asingeshuka. Kule bondeni mpunga ulikuwa umeshavunwa, ng'ombe wengi walikuwa wanatembea kwenye mabua, na upepo ulikuwa unapeperusha vumbi upande mmoja.

Mchezo ulianza saa kumi. Nilisimama nyuma ya wavu wa uwanja, mwisho kabisa, karibu na ndoo za maji. Tumpe nilimtambua, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi, ameshika simu kwa mikono miwili. Faustina aliingia na raba nyeupe. Robo ya kwanza alicheza kama vile hana ugonjwa wowote. Alipokonya mipira hewani, alifunga, watu wa Mbeya walianza kuuliza jina lake. Nilijiambia nimekosea, goti limepona, mimi ni mzee mwoga. Nikaona haya kwa yale niliyomwambia.

Robo ya pili nilisikiliza badala ya kutazama. Mtu anayetua na miguu miwili anatoa mlio mmoja. Faustina alikuwa anatoa miwili: mmoja mzito, halafu mwingine mdogo umechelewa. Kisha akapanda juu na msichana wa timu pinzani, wakashuka pamoja, na goti likaenda ndani. Hakuanguka. Alisimama kwa mguu wa kulia kama korongo, akiweka mikono kiunoni, akijifanya anapumua.

Wakati wa mapumziko alikuja kunywa maji, akaniona. Wavu ulikuwa kati yetu.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

"Umekuja nacho?"

Nilikitoa mfukoni. Kilikuwa kimepata joto. Nilikipitisha kwenye tundu la wavu, akakipokea. Alikaa chini kwenye saruji, akavua kiatu cha kushoto, akakiweka kipande mahali pake, akakibonyeza kwa dole gumba kama alivyoniona nikifanya mara nyingi. Hakukivaa kiatu. Alikaa akikitazama ndani, na soksi yake ilikuwa imetoboka kidole.

"Watanivua viatu, siyo?"

"Watakuvua."

"Huwezi kukosea?"

"Naweza. Mimi si daktari."

Alisimama. Alitembea mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi, akavuka uwanja mzima mpaka kwa Tumpe. Nilisikia kila neno kwa sababu watu walinyamaza kumtazama.

"Dada Tumpe, goti langu la kushoto ni bovu. Lina miaka miwili."

Tumpe alishusha simu. "Bovu vipi? Si nimekurekodi sasa hivi?"

"Nilikuwa nawekewa ngozi kwenye kiatu."

"Vua na hicho kingine. Simama kwa mguu wa kushoto. Haya, chuchumaa taratibu."

Faustina alichuchumaa, goti likatetemeka, likaingia ndani, akashika bega la Tumpe asianguke. Walibaki hivyo kidogo, mmoja amemshika mwenzake.

"Pole, mdogo wangu," Tumpe alisema. "Kama ungeniambia mwezi wa tano tungetafuta hospitali kwanza. Sasa wao wanataka mtu mwezi ujao. Nikikupeleka hivi watakurudisha ndani ya wiki, na nani atakutuma tena?" Akafuta kitu kwenye simu. "Chuo umethibitisha?"

"Bado."

"Thibitisha. Kisha goti lipigwe picha. Mengine tutaongea likipona, kama litapona. Sikudanganyi."

Mwalimu Ezekia alikuja mpaka kwenye wavu. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Fundi. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka miwili nampeleka mazoezini, namrusha, namkimbiza ngazi, na wewe umekaa kibandani unajua! Ungenitumia hata ujumbe!"

"Aliniomba nisiseme."

"Alikuwa na miaka kumi na saba, akakuomba, na wewe mtu mzima ukakubali?"

Hakuwa amesema uongo hata neno moja. Robo mbili zilizobaki walicheza bila Faustina, wakafungwa. Yeye alikaa benchi, taulo kichwani. Mchezo ulipokwisha aliondoka na shangazi yake, mama Lea, anayeishi Mbeya, na hakupita upande wangu. Nililala nyumba ya wageni karibu na stendi, nikapanda basi la kwanza Jumapili. Kiti cha pembeni hakikukaliwa na mtu mpaka Iringa.

Jumatatu alithibitisha chuo. Hilo niliambiwa na mama yake, aliyekuja kibandani na ndoo ndogo ya nyanya.

"Nimekuja kukushukuru," Mama Severina alisema. "Umenirudishia mtoto."

"Mama, usinishukuru. Mimi ndiye niliyemfichia siri."

"Najua. Ameniambia yote." Aliiweka ndoo chini. "Kwa hilo nimekukasirikia. Kwa hili jingine nakushukuru. Nyanya ni za yote mawili."

Nilikula nyanya hizo wiki nzima.

Wasichana wa timu hawaleti tena viatu kwangu. Mwalimu Ezekia amewapatia fundi mwingine huko huko mjini, na simlaumu. Jumatano jioni nakuwa kibandani. Namba ya Faustina ninayo kwenye simu. Mara kadhaa nimeandika "Habari za masomo", nikaisoma, nikaifuta, nikaona ningoje aanze yeye.

Mwezi wa kumi na mbili, siku tatu kabla ya Krismasi, basi la Mbeya lilisimama na yeye akashuka. Alikuwa amevaa sandali za wazi na gauni refu, na begi mgongoni. Nilidhani atapanda bajaji moja kwa moja. Alikuja.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene. Karibu nyumbani. Masomo?"

"Yanaenda. Hesabu za mwaka wa kwanza si ngumu."

"Na goti?"

"Limepigwa picha. Kuna kamba ndani imekatika. Wanasema upasuaji upo, ila ni mpaka Dar, na foleni ni ndefu. Nafanya mazoezi waliyonipa."

Nilitaka kusema kitu pale. Nilikuwa nimekipanga tangu mwezi wa tisa, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Kilichotoka ni swali.

"Chuoni uwanja wa kikapu upo?"

"Upo. Mzuri, una nyavu." Alisogeza mkanda wa begi begani. "Mimi nakaa mezani, naandika pointi. Walinipa kazi hiyo kwa sababu nazijua sheria. Nikikaa, hakuna anayejua kwamba mimi ni mrefu."

Justine alipiga honi ya pikipiki. "Mwalimu wa hesabu! Twende, nakupeleka mpaka Kalenga kwa mama, bei ya mtu wa nyumbani!"

"Nakuja," alimjibu, bila kumtania. Kisha akaniambia, "Haya fundi. Krismasi njema."

"Na kwako. Msalimie mama."

Alipanda pikipiki, magoti yake marefu yakimzidi Justine pembeni, na wakakata kona ya kupanda mlima. Mzee mmoja alikuwa amesimama mbele yangu muda wote huo ameshika kiatu cha kulia kilichong'oka kisigino. Akaniuliza kitakuwa tayari lini. Nilimwambia akae kwenye kigoda, ni kazi ya dakika chache, lakini alisema ana haraka, angekipitia kesho.